Samaki wa Kisimani

Kisima cha nyumbani kwetu Makadara, kisiwani Mombasa, kilikuwa na samaki. Hawakuwa wa kuliwa. Walikuwa vidagaa wasiozidi kidole cha mwisho, rangi yao rangi ya maji, na ilibidi uinamie ukingo jua likiwa la utosi ndipo uone vivuli vyao vikipita juu ya jiwe. Bibi ndiye aliyewatia. Aliwapa kazi mbili: kula viluwiluwi vya mbu, na kutangulia kufa.

Hiyo ya pili hatukuielewa mpaka siku tulipowakuta wanaelea. Bibi hakuuliza sana. Alifunika kisima kwa ubao, akaweka jiwe juu, akatuma aitwe fundi wa visima. Fundi aliteremka kwa kamba, akakaa huko chini kitambo, na alipopanda alinyoosha kidole bila kusema neno kuelekea uani, mahali tulipochimba shimo jipya la choo miezi michache nyuma. Palikuwa hatua kumi na mbili kutoka kisimani. Hatukuwa na wa kumlaumu. Jirani hakuhusika, serikali haikuhusika, tulijinywesha wenyewe. Baadaye wakubwa walikata shauri kisima kifukiwe. Kilijazwa kifusi, kikapigwa saruji, na juu yake likawekwa tangi la plastiki la kungojea maji ya mfereji.

Tukio hilo nimelirudia akilini miaka mingi, kwa sababu naona kisiwa kizima cha Mombasa kimefanya vilevile: kiliyaharibu maji yake ya chini, kikayafukia, kikageuza uso kungojea maji ya watu wengine. Katika sura hii nataka tuyafuate hayo maji ya watu wengine tangu yanakozaliwa hadi yanakoishia, pamoja na samaki waliomo njiani na binadamu waliolipa gharama yake.

Desturi ya kufuga samaki wa kulinda maji haikuwa ya bibi peke yake. Katika nyumba za zamani za Lamu, birika la maji lilijengwa likiwa na bakuli la kauri ya Kichina lililopachikwa sakafuni mwake. Birika lilipokaushwa ili lisuguliwe, maji kidogo yalibaki ndani ya bakuli, na samaki wakajikusanya humo mpaka birika lijazwe tena. Wageni wakionyeshwa mabakuli hayo husifu kauri. Mimi humsifu mwashi, maana alipokuwa akipanga nyumba alimhesabu samaki miongoni mwa wakazi.

Pwani ina samaki wengine wa maji baridi ambao wengi wetu hatujapata kuwaona, ingawa tunapita juu yao. Wataalamu huwaita Nothobranchius. Huishi katika vidimbwi vya mvua vya nyanda za Afrika Mashariki, na upande wa Kwale wapo. Dume lake lina rangi za kung'aa kana kwamba limevikwa kwa ajili ya harusi. Mvua ikikatika kidimbwi hukauka na samaki wote hufa, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope lililopasuka kwa jua, yakingojea mvua nyingine. Ndiyo maana wapo watu wanaoapa kwamba samaki hao hushuka na mvua. Jamii yao moja, Nothobranchius guentheri, ni ya kisiwa cha Unguja. Kwa mnunuzi wa kiwanja, kidimbwi kikavu ni shimo tu la kujazwa kifusi kabla ya kumwaga msingi. Akishalijaza, amemaliza ukoo mzima mchana mmoja, naye hajui.

Sasa turudi kisiwani. Mombasa imekaa juu ya matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, jiwe lenye matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha hupenya, na maji yake, ambayo wazee waliyaita maji ya pepo, hukaa juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza kutoka pembeni, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Yanaelea kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Hesabu yake ni hii: kwa kila meta moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha meta 40 chini yake. Hesabu hiyo hufurahisha ukiisoma kutoka juu kwenda chini, lakini isome pia kutoka chini kwenda juu. Ukivuta maji kwa mashine hadi uso wake ushuke meta moja tu, chumvi nayo hujongea juu kwa kipimo kilekile cha 40. Ndoo na kamba havikuweza kufanya uharibifu huo. Kisima kilichochotwa kwa mkono kilijijaza usiku watu wakiwa wamelala.

Wareno walilijifunza jambo hili walipoanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati. Walichimba kisima ndani ya ngome wakapata maji yasiyofaa kwa kunywa, ya kufulia na kuogea tu, kwa hiyo wakajenga birika la kukinga mvua. Waomani walipoizingira ngome kutoka Machi 1696 hadi Desemba 1698, waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na maradhi na njaa kuliko risasi. Nje ya ngome mji ulikuwa na visima vyake. Kimoja kiko chini ya ngazi za Leven, karibu na Bandari ya Kale, ambako mabaharia walikuwa wakijaza maji kabla ya safari. Misikiti nayo ilikuwa na visima na mabirika yake ya kutawadhia. Visima hivyo vilikuwa mali ya watu wote, na mtu aliyekichafua kimojawapo alikuwa amechafua udhu wa jirani zake. Sijapata kusikia sheria ya maji yenye meno kuliko hiyo.

Mji ulipokua, visima havikutosha, na hilo si kosa la mtu. Katika miaka ya 1920 maji yalianza kuvutwa kutoka chemchemi za Marere katika Shimba Hills, ng'ambo ya kusini. Hatua kubwa ikaja katika miaka ya 1950, bomba lilipolazwa kutoka chemchemi za Mzima, ambazo maji yake huanzia vilima vya Chyulu.

Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu haifanyi mto. Vilima hivyo ni vya volkano na ni vichanga kwa hesabu ya dunia: mlipuko wa mwisho ulitokea katikati ya karne ya 19, na lava yake nyeusi iitwayo Shetani bado iko wazi ukipita Tsavo Magharibi, kama imemwagwa juzi. Majivu na mawe yenye vitundu humeza kila tone. Maji hayo husafiri chini kwa chini kiasi cha kilomita 50, safari inayokadiriwa kuchukua miaka 25, kisha hububujika Mzima yakiwa maangavu kama kioo. Kwa siku hutoka zaidi ya lita milioni 200. Bomba la Mombasa lilitengenezwa kuchukua kiasi cha lita milioni 35. Yanayobaki hutiririka kama kilomita mbili kupitia vidimbwi na maporomoko madogo, hukutana na ukuta wa lava, huzama tena ardhini, na hatimaye huingia Mto Tsavo.

Anayeitunza Mzima ni kiboko. Usiku hutoka kwenda kula majani, asubuhi hurudi majini na kunya. Kinyesi hicho ndicho mlo wa wadudu wadogo na konokono. Wadudu huliwa na samaki. Samaki huliwa na mamba, fisimaji na ndege. Wako samaki wanaomfuata kiboko kama vinyozi, wakimsafisha ngozi, nyayo na hata kinywa. Filamu ya Alan na Joan Root ndiyo iliyoupeleka mlolongo huo machoni pa dunia, na mpaka leo mgeni wa Mzima anaweza kuingia katika chumba kilichojengwa chini ya uso wa maji akawatazama samaki kupitia kioo. Ukame wa mwaka 2009 uliwaua viboko wengi sana hapo. Waliuawa na njaa wala si kiu. Maji yalikuwapo, yakibubujika kama kawaida kwa sababu ni mvua ya zamani. Majani ya kandokando ndiyo yaliyokwisha. Chemchemi inaweza kufa huku imejaa.

Mji wa Kale una mtaa uitwao Kibokoni. Sijawahi kupita pale na mtungi wa maji bila kuwakumbuka wale walinzi wetu wa mbali.

Bomba lina urefu wa kilomita 220 hivi, na maji huteremka kwa uzito wake yenyewe kwa sehemu kubwa ya njia. Hupita nchi kavu kabisa: Voi, Maungu, Mackinnon Road, hadi Maji ya Chumvi, mahali ambapo jina lenyewe linakueleza ukichimba utapata nini, kisha Mazeras, kisha sisi. Watu wa Taita Taveta wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji yanazaliwa kwao na kunywewa kwetu, huku vijiji vyao vikifuata maji kwa punda na baiskeli. Mombasa tumeizoea sauti hiyo kiasi cha kutoisikia tena. Nasema kwa moyo mmoja kwamba wana haki. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na haikusema kila mtu aliye mwisho wa bomba.

Wako wengine ambao hata nafasi ya kulalamika hawakupata. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948 juu ya nchi ambayo Waata waliwinda kwa vizazi vingi. Walikuwa wajuzi wa tembo. Upinde wao mzito uliwashinda wanaume wengi kuuvuta, na mishale yao ilipakwa sumu ya mti, ambayo nyingi waliinunua kwa watengenezaji wa Kigiriama. Nyama ilikuwa yao. Meno yalikwenda pwani kwa mikono ya wafanyabiashara, na kwa karne nyingi meno ya tembo yalishuka hadi Bandari ya Kale yakapakiwa majahazini. Ukiona mlango wa nakshi unaokutia fahari katika mitaa yetu, usisahau kwamba sehemu ya utajiri wa mji huu ilitoka kwenye upinde wa mtu ambaye hakuwahi kuuona mlango huo.

Katika muongo uleule bomba lilipokuwa likilazwa, wakuu wa hifadhi wakiongozwa na David Sheldrick, na pamoja naye Bill Woodley, waliendesha msako mkubwa wa kukomesha uwindaji Tsavo, mwaka 1956 na 1957. Waata wengi walifungwa. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana ili waweze kuwinda kihalali kwa kipimo upande wa mashariki ya hifadhi, lakini haukuwa ule ulinzi wa maisha yao walioahidiwa. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote, na mlango ukafungwa kabisa.

Sisemi marufuku ilikuwa makosa. Tembo wa Tsavo na nchi jirani walihesabiwa kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1960. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu, kisha zikaja bunduki za kisasa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walibaki kiasi cha 6,000. Leo wamepita 14,000, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Ninachosema ni kwamba mzigo haukugawanywa sawa. Mwindaji aliondolewa porini ili pori lipone. Pori lilipopona, chemchemi ikabaki safi. Chemchemi safi ikaletwa mjini kwetu. Mji uliokuwa ukinunua meno haukuguswa. Bandari yetu iliendelea kutajwa katika habari za meno ya tembo yaliyokamatwa hadi katika muongo wa 2010, yakiwa yamefichwa ndani ya makontena ya chai, karanga au mbao. Tulikuwa tukinywa maji ya Tsavo kwa mkono mmoja na kupitisha meno ya Tsavo kwa mkono wa pili.

Mzima peke yake haitutoshi. Bomba jingine tunaloegemea linatoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa kando ya Mto Sabaki. Hapa kuna jambo ambalo wakazi wengi wa kisiwa hawalijui. Mto Tsavo, wenye yale maji ya Mzima yaliyotuponyoka, hukutana na Mto Athi, na kutoka hapo mto huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Kwa hiyo Mzima tunainywa mara mbili: mara ya kwanza ikiwa safi kupitia bomba la zamani, na mara ya pili ikiwa imekwisha kuchanganyika na Athi, uliopokea majitaka ya Nairobi na udongo wa mashamba ya Ukambani. Baricho haiteremki yenyewe, husukumwa kwa pampu za umeme. Umeme ukikatwa kule, mifereji hukohoa huku, na siku ya pili mikokoteni huonekana kila kona ya Makadara, mitungi ya lita ishirini imepangwa safu mbili, mwenye kusukuma amelowa jasho kuliko mitungi yake.

Ndani ya mto huo wa rangi ya chai ya maziwa kuna samaki ambaye namwonea huruma kuliko wote. Ni mkunga wa mtoni. Huzaliwa mbali ndani ya Bahari ya Hindi, akiwa mdogo kama uzi huingia mlango wa mto, hupanda dhidi ya maji mamia ya kilomita, huishi huko miaka mingi akijificha chini ya mawe, na akikomaa hushuka tena baharini kuzaa mara moja na kufa. Anahitaji mto mzima, kutoka mdomo hadi shina. Huwezi kumhifadhi kwa kuzungushia ua sehemu moja. Juu ya Athi, Makueni, linajengwa Bwawa la Thwake. Huku Kwale linajengwa Bwawa la Mwache, linalokusudiwa kuipa Mombasa maji kwa wingi kuliko chanzo chochote cha sasa. Naliunga mkono la Mwache, kwa sababu nimebeba mitungi. Lakini ukuta wa bwawa usio na njia ya kupita samaki ni hukumu ya kifo kwa kiumbe kama mkunga, na udongo unaoteremka kutoka mashamba ya juu huweza kulijaza bwawa kabla wajukuu hawajalifaidi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope kwa wingi kiasi kwamba mikoko ya mdomo wa Mwache ilifunikwa mizizi ikafa. Mizizi ya mikoko hupumua hewa. Ukiizika, umeuziba mti pua.

Maji yakishatumika, huenda wapi? Hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Hori ya Tudor, inayokizunguka kisiwa kwa upande wa kaskazini, hupokea maji baridi ya mito miwili ya msimu, Kombeni na Tsalu. Mchanganyiko huo wa chumvi na maji ya pepo ndio unaolea kamba, mkizi, tasi na watoto wa chewa kati ya mizizi ya mikoko. Wengi wa samaki ambao mvuvi wa Bandari ya Kale huwakuta nje penye miamba wamepitia utoto wao mahali kama hapo. Sasa hori hiyohiyo ndiyo inayopokea vyoo vyetu. Sehemu kubwa ya kisiwa haina mabomba ya majitaka. Watu wana mashimo, na mashimo hupenya ndani ya jiwe lenye vitundu. Mtambo wa majitaka wa Kizingo ulikaa miaka mingi sana bila kufanya kazi uliyojengewa, na uchafu ukaenda baharini ulivyo. Mikoko ya Mikindani husaidia kuchuja bila malipo, na malipo tunayoipa ni shoka, kwa ajili ya kuni na nguzo.

Watu hupenda kumsema mvuvi. Ni kweli, juya hukokota kila kitu, wazee kwa watoto, na Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001 kwa sababu hiyo. Na anayevua kwa chandarua cha mbu anavua kesho yake mwenyewe. Lakini nimekaa na wavuvi wa madema, nikawaona wakisuka matundu kwa kipimo ili wadogo wapite. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, ambayo makao yake yako Mkomani, ng'ambo tu ya Mji wa Kale, ilishiriki kujaribu madema yenye mlango mwembamba wa kutorokea samaki wachanga, na samaki waliobaki ndani walikuwa wakubwa na wenye bei. Mvuvi anaweza kurekebisha dema lake. Choo cha ghorofa nne kinachomwagika juu ya malezi ya samaki wake hawezi kukirekebisha. Afisa wa uvuvi humkuta yeye pwani na nyavu mkononi, akamtoza faini. Mwenye ghorofa hakutwi na mtu.

Na uchafu uleule unaokwenda horini huenda pia kisimani. Ni shimo moja, linachafua pande mbili. Kipindupindu kikirudi Pwani, tunaambiwa tuchemshe maji, nasi tunachemsha. Kuchemsha ni lazima. Lakini chumvi haichemki ikaondoka, wala sumu nyingine zinazopenya kutoka mashimoni.

Kwa hiyo nina rai, nayo inaanzia chini ya miguu yetu. Mombasa hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la meta kumi kwa kumi hupokea lita 100,000, yaani mitungi 5,000 ya mkokoteni. Hata nusu ikipotea, mitungi 2,500 si haba kwa nyumba moja. Wareno waliijua hesabu hiyo, na waliojenga mabirika ya Lamu waliijua. Misikiti yetu ina mapaa mapana na uwanja wa kuweka birika, na ina kitu ambacho kampuni ya maji haina: watu wanaokutana mara tano kwa siku na kuaminiana. Mvua inayokingwa ni maji tusiyomnyang'anya Mtaita, na nyingine ikiachwa izame mahali safi hurudisha yale maji ya pepo yanayosukuma chumvi chini. Kaunti nayo ilaze mabomba ya majitaka kabla haijatoa kibali cha ghorofa nyingine, na sehemu ya bili tunayolipa kwa maji ya Mzima irudi Chyulu, kulinda msitu wa juu unaonasa ukungu na kuzima moto wa makaa, na irudi kwa vijiji ambavyo bomba hupita mlangoni mwao. Mtoto anayezaliwa leo Hospitali Kuu ya Pwani, hapa kisiwani, atakunywa akiwa mtu mzima wa miaka 25 mvua inayonyesha Chyulu mwaka huu. Msitu ukikatwa sasa, hatutaona kitu kesho wala kesho kutwa. Ataona yeye.

Wewe ambaye nyumba yenu bado ina kisima, Kuze, Kibokoni, Mlango wa Papa au hapa kwetu, nakuomba usikifukie. Kama kimeharibika, tafuta kinachokiharibu. Aghalabu hakiko mbali kupita hatua kumi na mbili. Hamisha shimo, kisafishe, peleka maji yake yakapimwe, na mpaka yathibitike kuwa salama yatumie kwa kufulia na kusafishia, ili yale ya Mzima yabaki kwa kunywa. Ukikifukia, atakayekuja baada yako hatajua hata kwamba kilikuwapo.

Sisi chetu tunakifukua. Shimo la choo limekwisha kuhamishwa. Kisima kilikuwa cha pima saba. Kifusi kimetoka pima tatu, zimebaki nne.